Kikohozi cha Tatu

Kila asubuhi Mzee Lazaro alikohoa mara tatu kabla ya kutoka nje. Kikohozi cha kwanza kilisema ameamka. Cha pili kilisema amejifunga shuka. Cha tatu kilisema mlango unafunguliwa, na hapo mke wa mwanawe, Angetile, popote alipokuwa uwanjani, alijifunika kichwa kwa nguo na kupotelea migombani. Kwa miaka miwili hawakukosea hata siku moja. Ndiyo maana kwa miaka miwili Angetile aliishi hatua ishirini kutoka kwa baba mkwe wake bila kuujua uso wake.

Jumatatu kabla ya Pasaka alikohoa mara mbili tu.

Angetile alikuwa katikati ya uwanja, amebeba makaa ya moto kwenye kigae cha chungu, mguu mmoja hewani kama korongo. Akangoja cha tatu. Hakikuja. Kilichokuja ni mlio wa viatu.

Katika kijiji kizima cha misheni, kule Bujonde, watu wawili tu walivaa viatu mwaka ule wa 1912: Bwana Mchungaji, Mjerumani, aliyevitumia kutembelea, na Mwalimu Andongwisye, aliyevitumia kuwajulisha watu kwamba amefika. Masika yalikuwa yameshika. Kila Mwalimu alipoinua unyayo, tope lilimsonya.

Angetile akajibanza nyuma ya uzio wa matete uliotenga nyumba mbili, akasikiliza.

"Ugonile, Mzee."

"Nimelala salama, Mwalimu. Na wewe? Au siku hizi hulali, unalinda viatu?"

"Nimekuja kwa jambo la kanisa. Ni kuhusu lile hori la mbuzi."

"Mbuzi sina."

"Nasema hori la nyumba ya mwanao. Lenye nyuzi. Bwana Mchungaji amesikia wapiga tarumbeta wakipiga wimbo wa Pasaka na kitu kingine kinanguruma chini yake. Akauliza ni nini. Badala ya kunyamaza, mwanao akamwambia ni ipango ya mkewe, na wimbo wenyewe ameutunga mkewe. Sasa Bwana Mchungaji anasema wazee waamue. Likifaa, lipigwe alfajiri ya Pasaka makaburini pamoja na tarumbeta. Lisipofaa ni kitu cha upagani, nalo litachomwa Jumamosi pamoja na hirizi na njuga. Baraza ni Alhamisi. Wewe ndiye mkubwa wa wazee."

"Na hori likiwa zuri?" aliuliza Mzee Lazaro.

"Hori likiwa zuri?"

"Nimeuliza tu. Mbuzi wangu angependa kujua."

"Umesema mbuzi huna, Mzee."

Viatu viliondoka, vikisonywa hadi njiani. Ndipo Mzee Lazaro akakohoa mara ya tatu, na Angetile akakimbilia migombani. Makaa yalikuwa yamekwisha kuwa majivu.

Zamani mambo haya hayakuhitaji vikohozi. Wanyakyusa waliwaacha vijana wao wajenge kijiji chao wenyewe, mbali na cha baba zao, na sababu moja kubwa ilikuwa hiyo: mke wa kijana asikutane na baba mkwe, asimtazame, asile mbele yake, asitaje jina lake. Misheni ilipopima viwanja kwa kamba, ikawaweka baba na mwana ubavu kwa ubavu, mstari mmoja, milango yote ikitazama kanisa. Bwana Mchungaji aliona amewaunganisha. Watu walisema ndaga, wakashukuru sana, kisha wakaenda mtoni kukata matete ya uzio.

Angetile hakuwa mtu wa hapo. Alizaliwa ufukweni mwa ziwa, kwa Wakisi, watu wa samaki na vyungu, mahali ambapo milima huingia majini bila kuacha nafasi ya shamba. Lakini mwiko wa nyumba aliyoolewa aliushika kuliko waliozaliwa nao. Katika darasa la ubatizo, walipofika kwa mtu yule aliyefufuliwa siku ya nne, alimwita "ndugu yake Martha" tangu mwanzo wa somo hadi mwisho, kwa kuwa jina lile lilikuwa la mkwewe. Mwalimu Andongwisye alimsimamisha mbele ya wote, akamwambia alitaje. Angetile akasimama pale mpaka kengele ikagongwa. "Wakisi," Mwalimu aliwaambia wengine, "wana vichwa vya udongo. Vimechomwa tayari, havifinyangiki tena."

Basi, kwa kuwa Mzee Lazaro hangeweza kumsemesha mkamwana wake, alimsemesha maksai wake. Maksai huyo alikuwa mkubwa, mzito, mwenye kutafuna jambo moja tangu asubuhi hadi jioni bila kulimaliza, na kwa sababu hiyo Mzee alimwita Bwana Shauri. Kila asubuhi alimleta hadi kwenye uzio, akamwekea majani, akaanza.

"Unasikia, Bwana Shauri? Kuna panya amefungiwa ghalani, anakwaruza ubao atoke. Mwonee huruma."

Ng'ambo ya uzio Angetile alikuwa amekaa chini, ipango mapajani. Hakuwa na ruhusa ya kujibu kwa mdomo. Alijibu kwa vidole.

Ipango ile ilikuwa ubao wa urefu wa mkono, uliochimbwa kidogo katikati, na juu yake uzi mmoja mrefu wa ukano wa ng'ombe uliopitishwa huku na huku mara saba, ukawa nyuzi saba. Chini yake alifunga kibuyu cha kukuza sauti. Mjomba wake alimchongea, na siku ya kuolewa alivuka nayo ziwa katika mtumbwi wa mama yake, katikati ya vyungu vilivyokuwa vinakwenda kuuzwa Mwaya. Wanawake wa Bujonde walipoiona walisema msichana wa watu amekuja na hori lakini ng'ombe wa kulishia hakuja nao. Jina la hori likaganda. Mwalimu aliongeza mbuzi.

Mumewe, Sadoki, alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa. Ilimpasa kufanya mazoezi, na alifanyia nyumbani, akipuliza sauti ya chini ya wimbo wa alfajiri ya Pasaka, ileile, jioni baada ya jioni, kama mtu anayesukuma ng'ombe aliyelala. Angetile alivumilia mwezi mmoja. Mwezi wa pili akaichukua ipango yake aone kama ng'ombe huyo anaweza kutembezwa.

Kilichomsumbua ni uzi wa tatu. Kwa kipimo cha mjomba wake ulikaa chini kidogo ya sauti ya tarumbeta. Akiukaza uifuate tarumbeta, nyimbo za ziwani zilikufa. Akiuacha, tarumbeta ya Sadoki ilionekana imelewa. Kwa siku tisa aliubandika nta, akauinua kwa kijiti cha tete, akaushusha, mpaka akapata mahali ambapo si pa misheni wala pa mjomba, na sauti zote mbili zikakubali kukaa hapo kama wake wenza waliochoka kugombana. Juu, tarumbeta ilitembea taratibu. Katikati alitia makofi ya wafinyanzi, mawili mazito na moja jepesi, jinsi mama yake alivyouchapa udongo. Na chini kabisa, kwenye uzi wa mwisho aliokuwa ameulegeza hadi ukanguruma, aliweka mwendo wa ngoma ya mazishi, ile ambayo wanaume waliicheza na mikuki mikononi kabla misheni haijaikataza.

Alipomaliza, haukuwa tena wimbo wa kitabu, wala wa ufukweni. Wapiga tarumbeta wengine watano walikuja kuusikia wakiwa wanacheka. Waliondoka wakiupiga.

Mwalimu Andongwisye, aliyejifunza muziki miezi minane katika chuo cha walimu na kuusimulia miaka mitano, aliwakataza. "Sauti ni nne," alisema. "Mungu angetaka ya tano angeiweka kitabuni." Waliacha akiwapo. Akiondoka waliendelea.

Na Mzee Lazaro? Mzee Lazaro alikuwa na maksai wake.

"Bwana Shauri, leo panya ameolewa. Ameolewa na mlango mbovu. Sikia arusi yao."

"Bwana Shauri, ile sauti ya chini ni tumbo lako au ni la mtu mwingine? Kama ni lako, nikutafutie dawa."

Angetile naye hakuwa malaika. Mzee alichechemea mguu wa kushoto tangu alipoangukiwa na boriti siku za kujenga kanisa, na mwendo wake, mguu, mguu, fimbo, ulifaa sana kwenye nyuzi. Aliuweka. Aliviweka na vikohozi vitatu, cha kwanza chini, cha pili juu kidogo, cha tatu juu kabisa na kukatwa ghafla. Majirani waliokuwa wakienda mashambani mwa mpunga walisimama njiani wakishika mbavu. Mzee akakaa pale uzioni muda mrefu zaidi, akitafuta tusi jipya, na Bwana Shauri akazidi kunenepa, mpaka watu wa Ndandalo walipopita walidhani ataliwa Pasaka.

Mchezo huo Angetile aliushinda kwa vidole kila siku, na kila siku akaenda kuchota maji akiwa na uzito kifuani. Vidole havikuwa na uchungu, lakini masikio yalikuwa nao. Panya. Mlango. Tumbo la ng'ombe. Alikuwa ametunga kitu kimoja tu maishani mwake, na mtu ambaye neno lake lilisikilizwa kanisani alikuwa na majina hayo ya kukipa. Sasa mtu huyohuyo ndiye angekaa Alhamisi kuamua.

Angeweza kumwomba mama mkwe, Rut, amsemee. Alimfuata Jumanne kwenye kinu.

"Mama, ile habari ya Alhamisi."

"Ah, hiyo," alisema Rut, akitwanga. "Si baba Sadoki yupo? Utahofia nini?"

Angetile alidhani anadhihakiwa. Akachukua mchi wa pili, wakatwanga mpunga pamoja.

*

Baraza lilikaa Alhamisi mchana ndani ya shule. Wanawake hawakuingia. Sadoki aliingia kwa kuwa ni mpiga tarumbeta, ili aulizwe kama atatakiwa kuulizwa. Alirudi jua likiwa bado juu, akamkuta mkewe anapepeta mchele, akajishughulisha kutafuta mahali pakavu pa kuweka tarumbeta yake, ingawa mahali hapo palikuwa palepale siku zote.

"Wamesemaje?" aliuliza Angetile.

"Walisema mengi."

"Baba alisemaje?"

"Baba unamjua."

"Simjui. Alisemaje?"

Sadoki akaifuta tarumbeta kwa shati. "Walimwuliza yeye kwanza. Mwalimu akasema, 'Mzee, wewe unakaa karibu, kitu hicho ni cha namna gani?' Baba akasema sauti yake ni ya paka aliyekanyagwa na Bwana Shauri. Wazee wakacheka. Akasema, 'Lakini mkikichoma, asubuhi nitamtukana nani?' Wakacheka zaidi. Mwalimu akaandika kwamba hata mzee wa nyumba hiyo anakidharau kitu hicho, na kwamba kinawakumbusha watu mazishi ya kipagani. Akawasomea. Akauliza kama kuna mwenye neno."

"Kulikuwa na mwenye neno?"

"Baba alifungua kinywa. Kisha akakifunga."

"Na wewe?"

"Mimi?" Sadoki aliitazama tarumbeta kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Mimi nilikuwa nimeshika tarumbeta."

Angetile akapeperusha makapi mara moja, mara mbili. "Basi," alisema, "naona uliishika vizuri. Haina hata mkwaruzo."

Siku ya Ijumaa Kuu Mzee Lazaro alikohoa mara tatu, akamleta maksai uzioni, akamwekea majani. Ng'ambo hakukuwa na sauti.

"Bwana Shauri," alisema, "panya amekwenda safari?"

Maksai akatafuna.

"Au paka amemla? Yule paka wetu uliyemkanyaga?"

Mvua ndogo ilipiga majani ya migomba.

"Panya anaweza kukosana na mlango wake wa arusi," alisema tena Mzee, kwa sauti ya mtu anayesukuma mkokoteni kwenye matope, "na asiseme hata..." Hakumaliza. Angetile, aliyekuwa amekaa palepale pa siku zote na ipango imefungwa ndani ya nguo, alisikia fimbo ikigusa ardhi, ikatulia, ikagusa tena. Maksai akajibu kwa kukojoa.

*

Jumamosi asubuhi Rut ndiye aliyetangulia kutoka. Angetile alikuwa nyuma ya uzio, amejifunika tayari, ipango mikononi, anangoja mvua ipungue aipeleke mwenyewe ikachomwe, kama ilivyoamuliwa. Hakutaka Mwalimu aingie uwanjani kwake na viatu vile.

"Umemnyamazisha mtoto wa watu," alisikia Rut akisema.

"Mimi? Nimesema nini mimi?"

"Ndiyo ninalokuuliza, baba Sadoki. Umesema nini? Panya. Paka. Mlango."

"Kila mtu anajua ninavyosema."

"Kila mtu anauona uso wako! Ukimtukana huyu ng'ombe unacheka peke yako kama mtu aliyeficha nyama. Na mguu huo mbovu unapiga tope. Mimi naona. Sadoki anaona. Majirani unadhani wanachekea nini, matusi yako? Wanakuchekea wewe, mzee mzima unacheza ngoma kwenye mavi ya ng'ombe. Nikadhani na yeye anajua. Jana nimemkuta anaifunga ile ipango kama anavyofungwa maiti, ndipo nikaelewa. Yeye hana uso wako. Ana maneno yako tu."

Angetile alisimama. Kitu fulani kilimteleza kifuani, kama mzigo unaposogea kichwani bila kuanguka.

Sauti ya Mzee Lazaro ilipokuja ilikuwa ndogo, na haikuwa ya kumwambia maksai.

"Ulitaka niwaambie nini wazee? Kwamba kila asubuhi nasimama uzioni kumsikiliza mke wa mwanangu? Kumsifu mkamwana mbele za watu ni kukiri kwamba umemtazama. Nimtukane, hapo heshima yake iko salama na yangu iko salama."

"Ulimtazama?"

"Sijamtazama!"

"Basi una masikio tu. Masikio hayana ukwe." Rut akapiga kelele ya kumfukuza kuku. "Na heshima yake iko salama kweli. Inakwenda kuchomwa leo saa nne."

Angetile alingoja. Kama Mzee angesema neno moja, hata kwa ng'ombe, angelisikia. Alichosikia ni fimbo ikiondoka. Lakini kujua, Angetile aliona, hakukubadilisha kilichoandikwa. Alhamisi mzee yule alikuwa na nafasi ya kusema jambo la kweli kwa maneno ya kweli, akachagua kuchekesha. Watu wa namna hiyo kwao ufukweni walikuwapo pia. Waliwaita vyungu vya nje: vimepambwa vizuri, maji vinavuja.

Akatoka, akashika njia ya kanisani.

*

Moto haukuwaka. Mvua ya Kyela haijawahi kuheshimu uamuzi wa baraza, na kuni zilikuwa mbichi. Mwalimu Andongwisye alikuwa amepiga magoti mbele ya rundo, viatu vyake vikitazama nyuma, akipuliza kwa mdomo uleule aliofundishia sauti nne. Rundo lenyewe lilikuwa la aibu. Watu walikuwa wameleta vitu vya upagani ambavyo hawakuvihitaji: ngoma isiyo na ngozi, njuga zenye kutu, hirizi tatu, na ungo uliotoboka ambao hakuna aliyeweza kueleza ulikuwa na dhambi gani. Ila kila kimoja kiliandikwa.

Wazee walisimama upande wa kulia, wapiga tarumbeta kushoto. Sadoki alikuwa miongoni mwao, tarumbeta ameishika.

Angetile alipotokea, nguo imefunika kichwa hadi puani, watu walisogea kumpa njia. Wazee wakatazama pembeni kwa adabu. Chini ya pindo la nguo aliona miguu yao, jozi baada ya jozi, na mwisho wa mstari akaiona fimbo, na mguu wa kushoto uliopinda kifundoni. Miguu hiyo iligeuka kama ilivyopasa. Visigino vikamtazama.

"Weka hapo juu," alisema Mwalimu, akijifuta majivu kidevuni. "Juu ya ungo. Hori, moja," akaandika. "Na kibuyu chake. Kibuyu nacho kiandikwe?"

"Andika na nta," alisema mmoja wa wapiga tarumbeta, na wenzake wakacheka puani.

"Nyamazeni! Ndiyo haya. Mnapewa wimbo uliokamilika, mnautafutia ngoma ya mazishi. Kesho ni siku ya ufufuo. Mama, weka hilo hori."

Angetile akainama. Uzi wa tatu ukagusa ukingo wa ungo, ukalia wenyewe, kidogo tu, pale ambapo si pa misheni wala pa mjomba.

Mtu akakohoa.

Kila aliyekaa kijijini alikijua kikohozi hicho. Watu wakageuka. Angetile akabaki ameinama, mikono kwenye ubao.

Kikafuata cha pili.

Sasa mvua ilisikika kwenye kofia ya Mwalimu. Angetile alijua kinachofuata. Miguu yake pia ilijua. Ilikuwa imekwisha kujiandaa kukimbia kabla hajaiambia, kama ilivyojiandaa kila asubuhi kwa miaka miwili. Lakini hapa hapakuwa na migomba, na akikimbia ingembidi aiache ipango juu ya kuni.

Cha tatu kikaja. Hakukimbia. Aliona visigino vile, taratibu, kimoja baada ya fimbo, vikigeuka.

"Mzee," alisema Mwalimu, akitazama huku na huku kama mtu aliyeona paa la nyumba likitembea, "mkamwana wako yuko hapa."

"Najua alipo. Mwaka wa pili huu najua alipo. Nipe nafasi."

"Una neno kwa baraza?"

"Baraza nimeliambia Alhamisi, na lilicheka. Wewe uliandika. Ulichoandika kifute."

"Kimeandikwa kwa wino, Mzee."

"Basi andika kingine chini yake, wino si unao? Andika kwamba siku ya Alhamisi mzee mkubwa wa kanisa alisema upumbavu, kwa kuwa aliona haya. Andika jina langu lote. Na hilo rundo lako lipulize, usije ukalala njaa ya moshi."

Wapiga tarumbeta hawakucheka safari hii. Sadoki alikuwa ameishusha tarumbeta yake, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kujua pa kuiweka.

Mzee Lazaro akasogea hatua moja: mguu, mguu, fimbo. Angetile aliusikia mwendo huo na, licha ya yote, vidole vyake vikautafuta uzi wake.

"Mkamwana," alisema Mzee. Akatazama pembeni, pale ambapo asubuhi nyingine yoyote pangekuwa na kichwa kikubwa chenye pembe kinachotafuna. Hapakuwa na kitu. Akarudi.

"Mkamwana, usiiweke hapo. Ile ngoma ya chini ndiyo waliyomzikia baba yangu. Nimekaa miaka kumi na minane nikiambiwa niisahau, nikaisahau, wewe ukanirudishia ikiwa imeshikana mkono na wimbo wa Pasaka, na sikujua niseme nini, nikasema panya. Si panya. Ni wimbo mzuri kuliko wowote niliowahi kuusikia. Kesho upige makaburini, nami nitakuwa upande uleule wako, bila uzio. Na yule maksai, mwanangu, alikuwa ameshashiba zamani. Nilikuwa nimesimama pale nakusikiliza wewe."